Ilikuwa Kwenye Kalenda

Bibi Aaltje Boerhof aliosha madirisha yote ya nyumba yake, ndani na nje, kwa ajili ya mtu aliyekuja kuangalia kama bado ana nguvu za kuosha madirisha. Alipanda juu ya kiti cha jikoni, yeye aliyevuka themanini na mwenye nyonga iliyoungwa kwa chuma, akasugua vioo hadi vikang'aa. Kisha kigari chake cha kutembelea, kile cha magurudumu manne alichorudi nacho kutoka hospitali, akakisukuma hadi kwenye banda la baiskeli na kukifunika turubai. Mgeni haingii nyumbani akakuta uchafu, na wala haingii akakuta ugonjwa. Ndivyo wanavyolelewa watu wa Oosterwaarde, kijiji cha Uholanzi ambako mtu akivunjika mguu husema ameteguka kidogo.

Afisa wa manispaa, Bi. Roelien Waanders, alikuja Jumatatu asubuhi. Akapewa kahawa, akapewa biskuti moja, mkebe ukafungwa. Aliuliza kama bibi anaweza kufanya usafi mwenyewe, na bibi akamwonyesha madirisha kwa kidevu. Aliuliza kama anapata shida kutembea, bibi akasema anatembea tangu ana mwaka mmoja. Aliuliza mbona hakuna mtu wa familia wa kukaa naye kwenye mazungumzo, maana barua ilishauri awepo mmoja. Bibi akajibu kwamba watoto wake wana kazi. Afisa akaandika, akashukuru kwa kahawa, akaenda zake.

Marjolein, mke wa Gerlof mwana wa bibi huyu, aliyasikia hayo kesho yake. Alikuwa ametoka kazini, kwenye duka la miwani huko Zwolle, akapita kumletea mama mkwe supu nzito ya njegere. Alisimama mlangoni na sufuria mikononi kama mtu aliyefika msibani akakuta wamekwisha zika.

"Mama, miadi si ilikuwa Alhamisi? Mimi nimeomba ruhusa ya Alhamisi."

"Ilisogezwa. Gerlof alisema umeshaambiwa."

"Nimeambiwa na nani?"

"Na simu," alisema Aaltje, na akaipokea sufuria.

Marjolein aliketi bila kuvua koti. Miezi waliyoisubiri siku hiyo! Yeye ndiye aliyejaza maombi, yeye ndiye aliyekuwa akae pale mezani ayaseme yale ambayo mama mkwe asingeyasema hata kwa kuchomwa moto: kwamba tangu aanguke hawezi kuinama kusafisha choo, kwamba kula anakula amesimama kwa sababu kuinuka kwenye kiti ni kilio, kwamba zulia halijafagiwa tangu yeye Marjolein alifagie. Walichokuwa wanaomba ni msaidizi wa kuja mara mbili kwa juma. Daktari alishasema waziwazi: bila msaidizi, nyumba hii itamshinda bibi kabla ya majira ya baridi kwisha, na atahamia kwenye makao ya wazee apende asipende. Sasa afisa alikuwa ameandika kwamba bibi anajimudu.

"Na madirisha umeyaosha na nani?"

"Madirisha yalikuwa machafu," alisema Aaltje.

* * *

"Ilikuwa kwenye kalenda," alisema Gerlof.

Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwenye sahani yake ya viazi vilivyopondwa na sukuma wiki. Gerlof Boerhof alikuwa mpangaji wa barabara wa mkoa. Kazi yake ilikuwa kuamua barabara ipi ifungwe lini ili ichimbwe, na kila asubuhi maelfu ya watu walimlaani kwenye foleni bila kulijua jina lake. Mtu wa kazi hiyo huamini kwamba jambo likishaandikwa mahali pake, limeshatendeka.

Zamani kidogo, mambo ya mama yake yalikuwa yakiandikwa chooni. Humo mlitundikwa kalenda ya karatasi ya siku za kuzaliwa, kama ilivyo huko kwa kila mtu mwenye choo, ukiketi inakutazama usoni, na pembeni Marjolein alikuwa akiandika kwa penseli: Mama daktari, Mama miguu, Mama sindano. Masika Gerlof akaing'oa. Alisema ni aibu kwa watu wa zama hizi. Akatengeneza kalenda ya pamoja kwenye simu, akaiita "Mama", akamwingiza mkewe, akamwingiza na dada yake Sietske anayeishi Groningen. Akagawa siku kwa rangi. Jumanne ya kijani ilikuwa ya Marjolein, Ijumaa ya njano ya Sietske, na Jumapili ya buluu yake mwenyewe. Kisha akaingia kwenye mipangilio na kuamuru kwamba kila miadi ya kalenda hiyo itoe kikumbusho siku moja kabla, na tena saa moja kabla.

Na kweli vikumbusho vilitoka. Simu yake ililia kwa ajili ya kila mtu. Ikilia "Marjolein kwa Mama", Gerlof alijisikia vizuri kabisa, kama mtu aliyetoka kumtembelea mama yake sasa hivi. Ikilia ya Jumapili, yaani yake, aliifuta kwa kidole, kwa kuwa Jumapili ana baiskeli. Manispaa ilipomwandikia kwamba miadi imesogezwa, aliisogeza kwenye kalenda, akaipaka kijani na kwenda kulala.

"Simu yangu haikulia," alisema Marjolein.

"Basi umeizima."

"Sijazima kitu. Gerlof, tunalala kitanda kimoja. Ulishindwa nini kunigusa bega ukaniambia?"

"Ndiyo maana ya kalenda hiyo," alisema Gerlof kwa upole wa mtu anayemfafanulia mtoto. "Ili tusisumbuane."

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya kuzaliwa ya Gerlof. Viti vilipangwa duara sebuleni kama kila mwaka, na kila aliyeingia alizunguka akimpa mkono kila aliyeketi na kumpongeza: hongera kwa mumeo, hongera kwa kaka yako, hongera kwa jirani yako. Walipokwisha kupongezana waliketi na vipande vya keki magotini, wakingoja mmoja aanze kuzungumza. Bibi Aaltje hakuwepo. Alikuwa amesema kwenye simu kwamba ana mafua kidogo.

Aliyeanza kuzungumza ni Gerlof. Shangazi yake Jantje aliuliza habari za Aaltje na ule msaada wa manispaa, naye akajibu, huku akimtazama mkewe aliyekuwa akimimina kahawa, kwamba msaada ungekuwa umeshapatikana. "Lakini mke wangu ana mambo mengi kichwani. Mama yangu hakupata nafasi."

Wakacheka kile kicheko cha watu ambao bado hawajapewa kikombe cha pili. Jirani wa mkono wa kushoto akashauri Marjolein ajifunge kamba kidoleni. Yule wa kulia akasema wanawake wa siku hizi wanafanya kazi nje mno. Marjolein aliendelea kumimina. Uso ulimwaka, na alijua kwamba wote wanaona unavyowaka, na hilo likazidi kuuwasha.

"Lete simu yako," alisema Gerlof, "tuone ulipoizima."

Akaileta. Gerlof akaishika mbele ya duara zima kama mwalimu aliyeshika daftari la mtoto mjinga, akawa anatangaza kila anachokiona. Sauti iko juu, sawa. Programu imeruhusiwa kutoa arifa, sawa. Si ya toleo la zamani, sawa. Akaizima akaiwasha. Akaandika miadi ya kujaribia, "Jaribio kwa Mama", iwe baada ya saa moja na dakika moja, akaziweka simu mbili juu ya meza kando ya keki. Wageni wakainamisha shingo. Dakika moja baadaye simu ya Gerlof ikatoa kikumbusho cha saa moja kabla. Ya Marjolein ilikaa kimya.

"Unaona?" alisema Gerlof, ingawa hakuna aliyejua nini hasa cha kuona.

"Yangu haijawahi kulia," alisema Sietske.

Alikuwa na krimu mdomoni, na alilisema jambo hilo kwa wepesi kama anayetaja hali ya hewa. Kaka yake akamwuliza haijalia tangu lini. Tangu ulipoingiza jina langu, alisema Sietske. Alidhani ndivyo ilivyo. Alidhani hiyo ni kalenda ya kutazama tu.

"Ala," alisema shangazi Jantje. "Kwa hiyo hizo Ijumaa huwa unakwenda, au huendi?"

Sietske akaanza kutafuta kitambaa cha kujifutia mdomo, na alikitafuta kwa muda mrefu.

Gerlof alirudi kwenye mipangilio. Safari hii hakutangaza kitu. Alishuka hadi kwenye kalenda inayoitwa "Mama", akaifungua, akasoma, midomo ikajikaza. Akasema haya, tule keki. Marjolein akaichukua simu yake kutoka mkononi mwa mumewe na kusoma kwa sauti yale yaliyoandikwa pale. Vikumbusho vya kalenda hii: hakuna. Na chini yake kwa maandishi madogo: mipangilio hii ni yako peke yako, haibadilishi ya wengine mnaotumia kalenda hii pamoja.

Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na vikumbusho navyo ni hivyo hivyo. Gerlof alikuwa ameweka vyake akadhani amewasuka wote. Simu yake ilikuwa imelia majira mazima ya joto kumkumbusha yeye peke yake kazi za wenzake, naye alizifuta moja moja, roho yake safi.

Pale ndipo mtu mwingine angesema samahani. Neno lenyewe si refu. Duara zima lilikuwa limetulia likimngojea.

"Imetengenezwa vibaya," alisema Gerlof. "Mtu wa kawaida angejuaje?"

Duara likakubali kwamba imetengenezwa vibaya kwelikweli, kwa kuwa keki ilikuwa yake. Yule wa mkono wa kushoto akaongeza kwamba hata mashine yake ya kuosha vyombo ni ya hovyo. Kabla wageni hawajaondoka, Gerlof alikuwa ameshazirekebisha simu zote mbili kwa mkono wake mwenyewe, na Sietske akamshukuru.

* * *

Manispaa ilikubali kuja tena. Siku hiyo walikuwepo wote, na saa moja kabla ya miadi simu zote tatu zililia kwa pamoja kwenye sebule ya Aaltje hadi bibi akashika kifua. Gerlof alitabasamu kama baba aliyesikia wanawe wakiimba.

Bi. Waanders aliketi palepale alipoketi mwanzo. Marjolein hakungoja. Alikwenda bandani, akakitoa kigari chini ya turubai, akakileta hadi katikati ya sebule. Mama mkwe alikigeuzia uso. Kisha Marjolein akasema yote, choo, zulia, kula kwa kusimama, kiti cha jikoni na madirisha, na sauti ilimtetemeka, maana si jambo jepesi kumvua mtu heshima yake mbele ya mgeni naye yupo anasikia. Aaltje alitazama mikono yake. Afisa aliandika ukurasa mzima, akageuza, akaendelea. Akasema kwamba sasa picha ni tofauti. Akasema mara mbili kwa juma halingekuwa ombi la ajabu.

Lilikuwa limebaki jambo dogo tu, nalo ni Gerlof kukaa kimya. Lakini nyani haoni kundule. Kilichomkereketa yeye ni kwamba huyu mwanamke wa manispaa huenda anawaza kwamba mama yake ametelekezwa.

"Ningependa ieleweke," alisema, "kwamba mara ile ya kwanza haikuwa uzembe. Lilikuwa kosa la programu. Sisi ni familia yenye mpango." Na akaifungua kalenda, akamkabidhi simu.

Bi. Waanders aliitazama kwa heshima. Akapandisha kwa kidole, akapandisha tena. Kijani, njano, buluu. Juni yote, Julai yote, Agosti yote, hakuna juma lenye pengo.

"Kwa hiyo bibi anapata mtu mara tatu kwa juma?"

"Tangu masika," alisema Gerlof, na majivuno yake yalitoka mdomoni kabla akili haijafika.

"Na hapa pameandikwa Ijumaa, Sietske, usafi."

Sietske alisema ndiyo, hapo pameandikwa usafi.

"Hayo ni maandishi," alisema Marjolein. "Hawaji. Mimi huja ninapopata nafasi. Wao hawaji kabisa."

Afisa alimtazama Gerlof. Gerlof alitazama viatu vyake. Angeweza kusema neno moja, na nyumba ya mama yake ingekuwa na msaidizi kufikia mwezi ujao. Neno hilo lilikuwa "kweli". Alikohoa, akasema ratiba ni ratiba, zipo dharura za hapa na pale.

Ndipo Bi. Waanders akamgeukia mwenye nyumba, akauliza taratibu, "Bibi, wanakuja?"

Aaltje aliinua uso. Alimtazama mwanawe, mwanamume mwenye mvi masikioni, aliyejikunja kwenye kochi kama mtoto aliyevunja kioo.

"Wanakuja," alisema. "Wanangu ni watoto wazuri."

Afisa aliandika na hilo.

Walipobaki wawili jikoni, Marjolein alifunga mlango. Alikuwa anataka kulia na hakutaka kumpa mtu yeyote wa ukoo ule nafasi ya kuliona chozi lake.

"Mama, umejifungia mlango mwenyewe."

"Ulitaka nimwambie nini yule?" Aaltje alikuwa akisuuza vikombe, mgongo ameugeuza. "Kwamba nimezaa wawili nikawalea, na kuwaona ni mpaka niandikwe, na nikiandikwa bado hawaji? Nimwambie hivyo mtu wa serikali, Gerlof akisikia?"

"Ndio ukweli."

"Ukweli ninaujua. Ni mimi ninayekaa humu," alisema bibi. "Nipe hicho kitambaa."

* * *

Jibu lilikuja kwa maneno ya adabu. Msaidizi hatatolewa. Mwombaji ana familia imara inayomhudumia mara tatu kwa juma kwa utaratibu mzuri, kama ratiba ilivyoonyesha.

Marjolein alimwekea mumewe barua hiyo juu ya sahani, akasubiri. Gerlof aliisoma mara mbili. Alichosema ni kwamba, kwa kweli, ukiondoa uamuzi wenyewe, wameielewa kalenda vizuri. Wakati ule Marjolein alimdharau mumewe dharau safi, isiyo na hasira hata chembe, na akajua kwamba itakaa. Akamwambia kwamba Jumanne yake ataitimiza. Jumapili ni ya Gerlof na Ijumaa ni ya dada yake, na hatawakumbusha hata mara moja.

Gerlof akasema hakuna atakayehitaji kukumbushwa. Alikuwa ameshaliona tatizo lilipo: mama mwenyewe hayumo kwenye mpango. Akanunua kishikwambi, akampelekea, akakisimamisha juu ya kabati la vyombo kando ya picha ya marehemu baba. Akamwingiza mama kwenye kalenda ya "Mama". Na kwa kuwa alikuwa amejifunza, aliingia mwenyewe kwenye mipangilio ya kishikwambi hicho na kuweka vikumbusho vya huko huko, siku moja kabla, saa moja kabla, na dakika kumi kabla. Akakijaribu, kikalia. Akamfundisha mama yake mahali pa kubonyeza ili kinyamaze. Alikaa kwa kahawa na biskuti moja, akaondoka ameridhika.

Jumanne moja ya Oktoba Marjolein alifika na ndoo yake. Mezani alikuta vikombe viwili vya maua, vile vya wageni, na kisahani chenye biskuti iliyolainika kwa kukaa wazi. Chupa ya chai ilikuwa imejaa hadi juu. Alifungua kifuniko, akanusa: kahawa, imepoa.

"Nani alikuja, Mama?"

"Hizo ni za Jumapili. Sikuwa na nguvu za kuondoa." Aaltje alikuwa kwenye kiti chake, kigari kipo mbele yake, hakifichwi tena. "Kile kishikwambi kilisema Gerlof anakuja saa nane. Nikapika kahawa. Kikasema tena."

"Akaja?"

Bibi alikunjua kunjo la sketi yake kwa kiganja.

"Na Ijumaa kilisema Sietske. Ijumaa ile nyingine pia." Alisema hayo bila kulalamika, kama anayetoa taarifa ya kazi. "Wewe ulilalamika kwamba simu yako hailii, Marjolein. Hiki kinalia vizuri kabisa. Mwambie Gerlof asiwe na wasiwasi, kinafanya kazi."